Kuchunguza hujuma za siri dhidi ya Reli ya Uganda, 1914–1916: mwongozo kamili kwa mtafiti wa Mombasa

Tarehe 15 Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka koloni lao, Tanzania Bara ya leo, na kuiteka Taveta, na tangu siku hiyo reli inayotoka Mombasa kwenda bara, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ikawa ndani ya uwezo wa adui anayejua kutembea. Kila askari aliyeletwa kutoka India, kila gunia la mchele na kila sanduku la risasi lililoteremshwa Kilindini lilipaswa kupanda reli hiyo, kwa kuwa njia nyingine ya kufikisha mizigo mizito bara haikuwapo. Baada ya vita vya Jasin vya tarehe 18 na 19 Januari 1915, ambavyo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alivishinda kwa gharama kubwa ya maofisa na risasi, kamanda huyo aliamua kuepuka mapambano makubwa na badala yake kutuma vikosi vidogo vya doria kuvuka nyika isiyo na maji, kutoka upande wa Kilimanjaro na Upare, ili kutega mabomu njiani, kuharibu madaraja na kukata nyaya za simu.

Hujuma hizo zimeandikwa sana kama visa vya ushujaa, na ni mara chache zimechunguzwa moja baada ya nyingine. Mwongozo huu umekusudiwa mtu anayetaka kujua kwa uhakika ni nini kilitokea mahali fulani, usiku fulani, nani alikuwapo, na nani aliyelipia. Mombasa ni mahali pazuri pa kuanzia kazi hiyo, kwa sababu hesabu ya maili za reli ilianzia hapa na mkuu wa jimbo aliyepokea taarifa za Taita alikuwa na ofisi hapa.

Hatua ya kwanza: punguza swali mpaka liweze kujibiwa

Anayeanza kwa kusema kwamba anachunguza mashambulizi ya Wajerumani dhidi ya reli atazama katika karatasi na asiibuke na kitu. Chagua kipande kimoja cha njia, kwa mfano kutoka Maungu hadi Voi, au eneo la Tsavo, na uchague miezi michache ndani ya kipindi cha kuanzia mwanzoni mwa 1915 hadi Machi 1916, wakati mashambulizi ya Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, yalipousogeza uwanja wa vita upande wa kusini na kuiacha reli ikipumua. Swali zuri lina mahali, lina muda, na lina jambo moja linaloweza kukubalika au kukataliwa kwa ushahidi.

Tangu mwanzo, tofautisha reli tatu ambazo waandishi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni njia kuu ya Reli ya Uganda kutoka Mombasa. Ya pili ni tawi la kijeshi lililoanza kujengwa Voi mwaka 1915 kuelekea Taveta, likafika Maktau katikati ya mwaka huo. Tawi hili nalo lilishambuliwa, na taarifa isiyotaja jina la stesheni inaweza kuhusu njia kuu au tawi hilo. Ya tatu ni reli mpya ya kisasa iliyofunguliwa 2017, ambayo inapita sambamba na ile ya zamani kwa sehemu kubwa lakini haikufuata kila kona yake. Kijana wa leo akionyeshwa tuta la reli kule Voi anaweza kudhani analitazama la 1915 kumbe ni la miaka ya karibuni.

Hatua ya pili: soma vilivyochapishwa, kwa tahadhari

Historia rasmi ya Uingereza kuhusu vita vya Afrika Mashariki, iliyoandaliwa na Charles Hordern na kutolewa 1941, inaishia Septemba 1916, kwa hiyo inakifunika kipindi chote cha hujuma za reli. Juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Kwa upande wa Wajerumani, kumbukumbu za Lettow-Vorbeck zilitoka 1920, naye Ludwig Boell, aliyekuwa ofisa katika jeshi hilo, alichapisha kazi yake ndefu mwaka 1951. Soma zote tatu ukiwa na daftari, usiyachukue maelezo yao kama hukumu bali kama madai yanayosubiri kupimwa. Kamanda aliyeagiza hujuma ana sababu ya kuikuza hasara ya adui, na mwanahistoria wa serikali iliyoshambuliwa ana sababu ya kuipunguza.

Jina moja linahitaji onyo la peke yake. Richard Meinertzhagen, aliyekuwa ofisa wa ujasusi wa Waingereza katika vita hivi, aliacha shajara zinazovutia mno, zenye habari za wapelelezi na mbinu za siri ambazo mtafiti angependa sana zingekuwa za kweli. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba sehemu za shajara hizo ziliandikwa upya miaka mingi baadaye na kwamba mambo kadhaa ndani yake hayaaminiki. Msimamo wangu ni kwamba jambo linalotegemea shajara hizo peke yake lisiingie kabisa katika maandishi yako.

Hatua ya tatu: maliza kilichopo Mombasa

Kabla ya kupanda treni kwenda Nairobi, tembea mjini. Katika eneo la Fort Jesus umehifadhiwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 na mizinga yake ikaopolewa na kutumika nchi kavu. Upo pia wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliishambulia Zanzibar Septemba 1914. Mizinga hiyo haihusiani moja kwa moja na doria za reli, lakini humsaidia mtafiti kuelewa kwamba bandari, bahari na reli vilikuwa sehemu za vita vilevile. Jirani na ngome kuna mnara wa kumbukumbu ya Meja Wavell na kikosi chake cha Arab Rifles, kilichoandikishwa hapa Pwani. Wavell aliuawa akipigana na Wajerumani Mwele, upande wa Shimba Hills, Januari 1916. Ukitaka kujua kwa nini Waingereza hawakuweza kupeleka kila askari kulinda reli, anza na tishio hilo la kusini.

Kisha nenda kwenye mnara wa askari wa Kiafrika ulioko Barabara ya Jomo Kenyatta, na kwenye makaburi ya Mbaraki. Orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola zinaweza kutafutwa mtandaoni kwa jina la makaburi na kwa tarehe ya kifo, na hapo ndipo zinapokuwa chombo cha kazi: panga majina ya waliozikwa Voi, Maktau, Taveta na Mbaraki kwa tarehe, na siku yenye vifo kadhaa vya kikosi kimoja ni siku ya kufuatilia. Kumbuka tu kwamba orodha hizo zina upungufu mkubwa kwa Waafrika na Wahindi, jambo ambalo tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya 2021. Wapagazi wengi na vibarua wa reli hawana kaburi lenye jina, na kutokuwapo kwa jina katika orodha hakuthibitishi kwamba hakufa mtu.

Familia za watu waliofanya kazi katika reli bado zipo mjini, Waafrika, Wagoa na Wapunjabi, na baadhi yao wana albamu, vyeti vya kazi na barua zilizofungiwa kabatini. Nenda kwa utaratibu wa Pwani: jitambulishe kupitia mtu anayefahamika na familia, usidai kitu siku ya kwanza, na ukiruhusiwa kupiga picha ya karatasi, piga na upande wa nyuma, maana mara nyingi tarehe na majina yameandikwa huko.

Hatua ya nne: Nyaraka za Taifa, Nairobi

Jengo la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue. Utahitaji kujiandikisha kama msomaji, na kwa utafiti rasmi utahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Anza mapema kukiomba. Katika orodha za majalada, usitafute Jimbo la Pwani peke yake. Wakati wa vita hivi jimbo lenye makao yake Mombasa liliitwa Seyidie, na mtafiti asiyelijua jina hilo huyapita majalada yake bila kuyaona.

Tafuta ripoti za mwaka na za robo mwaka za wilaya ya Taita, barua kati ya ofisa wa wilaya na mkuu wa jimbo, na rekodi za kisiasa za wilaya ambazo maofisa waliziandika kwa ajili ya watakaowafuata. Usitarajie kukuta maelezo ya kijeshi ya mlipuko wenyewe. Utakachokikuta, na ambacho kina thamani kubwa zaidi, ni matokeo yake kwa raia: amri za kuhama, madai ya chakula na ng'ombe, malalamiko kuhusu wapagazi, tuhuma za kuongoza adui. Nakili namba kamili ya jalada na ya ukurasa papo hapo, juu ya kila nukuu, kwa sababu kurudi Nairobi kwa ajili ya namba moja ni gharama isiyo ya lazima.

Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, lina vifaa na picha zinazosaidia kutambua aina za injini na mabehewa. Hilo si pambo. Waingereza walianza kutanguliza mabehewa yaliyojazwa mchanga mbele ya injini ili bomu lililotegwa lilipukie hayo kwanza, na anayeitazama picha ya ajali lazima ajue anachokiona mbele ni nini.

Hatua ya tano: nyaraka za ng'ambo

Katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki zimo katika mfululizo wa WO 95, na barua za serikali ya kikoloni kwenda London zimo katika CO 533. Shajara ya vita iliandikwa na ofisa wa kikosi siku hadi siku, kwa hiyo iko karibu na tukio kuliko kitabu chochote. Kwa kuwa sehemu kubwa ya askari waliolinda reli walikuwa Wahindi, nyaraka za Ofisi ya India zilizoko British Library zisiachwe nje. Maktaba hiyo pia imeweka mtandaoni ramani nyingi za kijeshi za Afrika Mashariki za enzi hizo, nazo zinafunguka hata kwenye simu ya mkononi.

Upande wa Ujerumani kuna pengo ambalo haliwezi kuzibwa: hifadhi ya nyaraka za jeshi iliyokuwa Potsdam ilipigwa mabomu Aprili 1945 na sehemu kubwa ikateketea. Zilizobaki zimegawanyika kati ya Freiburg, penye nyaraka za kijeshi, na Berlin, penye za wizara ya makoloni, mfululizo wa R 1001. Nyaraka za serikali ya Kijerumani zilizobaki Afrika zimo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, na kutoka Mombasa huko ni karibu kuliko Ulaya.

Usisahau magazeti. *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung* lilichapisha taarifa za vita kwa wasomaji wa Kijerumani, na *Kiongozi*, gazeti la Kiswahili la shule ya serikali Tanga, liliendelea kutoka hadi 1916. Habari zilizopitishwa na wakubwa wa vita hazisemi yote, lakini zinaonyesha msomaji wa Kiswahili wa upande wa pili wa mpaka aliambiwa nini, na lini.

Hatua ya sita: jedwali la matukio

Hapa ndipo kazi inapokuwa utafiti. Fungua jedwali lenye safu za tarehe, saa, maili, jina la mahali kama lilivyoandikwa, kikosi, kilichoharibiwa, waliodhurika, na chanzo. Kila chanzo kipewe mstari wake, hata kama unaona wazi kwamba vyanzo viwili vinasimulia tukio moja. Usiviunganishe mapema. Taarifa mbili zikiunganishwa kimakosa, mlipuko mmoja hupotea katika historia. Moja ikigawanywa, mlipuko ambao haukutokea huzaliwa.

Makosa mengi huzaliwa na saa. Tuseme shajara ya kikosi inataja mlipuko wa saa 8 za usiku kwa hesabu ya Kiswahili, yaani saa mbili baada ya katikati ya usiku kwa hesabu ya Kizungu, na kuuandika chini ya tarehe 11. Ripoti ya Kijerumani inahesabu tangu doria ilipolala mafichoni, hivyo inaandika tarehe 10. Mzee wa Pwani anayesimulia alichosikia kwa baba yake atasema ni usiku wa Ijumaa, naye kwa hesabu ya wazee wetu, siku inayoanza jua linapotua, ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Hapo kuna tarehe mbili na siku moja, na wote wanaweza kuwa wakweli. Kwa hiyo andika kwanza kama ilivyosemwa, kisha katika safu nyingine uandike tafsiri yako ya usiku huo kwa mfumo wa tarehe mbili, 10/11, ili msomaji aone hatua uliyoichukua.

Mahali nako kuna mitego. Taarifa nyingi hutaja maili kutoka Mombasa badala ya jina. Maili 1 ni km 1.609, Tsavo, kwa mfano, ilihesabiwa kuwa maili 132, yaani kama km 212. Lakini njia ilinyooshwa sehemu kadhaa katika miaka iliyofuata, hivyo namba ya 1915 haikai sawasawa juu ya kilomita za sasa. Pima kutoka stesheni ya karibu inayotajwa katika taarifa hiyohiyo, si kutoka Mombasa. Majina pia hubadilika: Kasigau huandikwa Kasigao, na kilima cha Salaita katika maandishi ya Wajerumani ni Oldorobo. Tengeneza orodha ya tahajia zote na uitafute kila moja.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: tukio lihesabiwe kuthibitika pale chanzo cha upande ulioshambulia na cha upande ulioshambuliwa vinapokutana juu ya mahali na usiku, bila kimoja kunakili kingine. Vingine vyote viandikwe kuwa madai, kwa neno hilohilo, na viachwe hivyo.

Hatua ya saba: tembelea ardhi

Nenda Voi, Maungu, Maktau na Mbuyuni ukiwa na ramani ya zamani uliyoilinganisha na picha ya setilaiti. Jambo la kuangalia ni maji. Doria ilipita penye maji au ilibeba maji, na ndiyo sababu bonde la mto Tsavo na chemchemi za Mzima hujirudia katika taarifa za pande zote mbili, na kambi za Waingereza za Maktau na Mbuyuni zilitegemea bomba la maji kutoka Bura. Simama juu ya tuta la reli ya zamani Maungu, uutazame mlima wa Kasigau upande wa kusini, takribani km 30, kisha utaelewa kwa nini Wajerumani waliuteka mlima ule Desemba 1915: ulikuwa na maji, na kutoka kule wangeweza kuifikia reli kwa mwendo wa usiku mmoja.

Chunguza chuma chenyewe. Ubavuni mwa kila reli mtengenezaji alichapa jina lake na mwaka. Inama, futa vumbi kwa kitambaa, usome. Mwaka wa baadaye kuliko 1916 unakuambia kwamba kipande hicho hakikuwapo wakati wa hujuma hizi, hata kama mwenyeji wako anasisitiza kwamba ndicho kilicholipuliwa. Piga picha ukiweka rula pembeni, na uandike vipimo vya mahali. Usiokote chochote. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inalinda mabaki hayo, na risasi au ganda la mzinga la miaka mia moja bado linaweza kuua. Likionekana, jitenge nalo na utoe taarifa polisi. Ndani ya hifadhi ya Tsavo omba ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na uongozane na askari wao; penye ranchi, muone mwenye ranchi kwanza.

Hatua ya nane: wazee, na hasa wazee wa Kasigau

Historia ya hujuma hizi haiwezi kuandikwa bila Kasigau. Mwaka 1915, baada ya kituo cha Waingereza mlimani kushambuliwa, wenyeji walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, vijiji vyao vikachomwa moto, nao wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa magonjwa na dhiki; miaka mingi ilipita kabla ya walionusurika kuruhusiwa kurudi mlimani. Historia za kijeshi zimezoea kulipitia jambo hili kwa sentensi moja. Naona ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu treni iliyolipuliwa ilirekebishwa, lakini jamii nzima iliadhibiwa kwa kosa ambalo hata leo mtafiti anapaswa kuuliza kama liliwahi kuthibitishwa.

Nenda kupitia chifu na wazee wa kijiji, ukiwa na mwenyeji anayezungumza lugha yao vizuri, na umwite mzee kwa heshima ya kwao. Mtaita akiitwa *mghosi* anajua mgeni amejifunza adabu kabla ya kuja. Omba idhini ya kurekodi kwa maneno, nayo irekodiwe. Usianze na swali la nani aliwaongoza Wajerumani. Swali hilo ndilo lililowachomea nyumba zao, na kumwuliza mjukuu wao katika dakika ya kwanza ni ukatili, hata kama nia ni njema. Anza na familia: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa Malindi, nani alirudi na akakuta nini. Uliza njia za zamani za kwenda kuchota maji. Majina ya visima na mapito yatakayotajwa ndiyo yatakayokutana na ramani yako bila wewe kuyalazimisha.

Kila mahojiano yapewe mstari wake katika jedwali, sawa na shajara ya vita. Simulizi la mjukuu haliwezi kukupa saa ya mlipuko, na shajara ya ofisa haiwezi kukupa majina ya watoto waliokufa njiani kuelekea Malindi. Kila chanzo kiulizwe kinachoweza kukijibu.

Hatua ya tisa: kuandika na kuhifadhi

Andika tukio moja kwa wakati, ukianza na kilichothibitika, kisha madai ya kila upande, kisha hoja yako. Usitoe jumla ya treni zilizoharibiwa mpaka umemaliza jedwali la kipindi chote, kwa kuwa jumla ndizo zinazonukuliwa na wengine na ndizo ngumu kuzirekebisha zikishasambaa. Majina ya wazee waliohojiwa yatokee pale tu walipokubali, na tuhuma dhidi ya mtu mwenye ukoo unaojulikana zisiandikwe kwa ushahidi wa upande mmoja.

Nakala za rekodi zako ziwekwe mahali pasipopungua pawili: moja kwenye taasisi, kwa mfano maktaba ya Fort Jesus kama watakubali kuipokea, na nyingine ibaki na familia au shule ya kijiji kilikotoka simulizi, ikiwa na maelezo ya Kiswahili yanayosomeka na mtu yeyote. Jedwali lenyewe lihifadhiwe pamoja na tarehe ya marekebisho ya mwisho, ili atakayepata jalada jipya la Seyidie ajue ni mstari upi wa kuongeza.